Kamusi Iliyoanzia Herufi D

Kosa langu la kwanza kubwa la Kiingereza nililifanya ofisini, mchana kweupe, makarani wote wakisikia. Nilimwambia meneja wa shamba la mkonge kwamba yeye ni notorious Kimamba nzima. Nilitaka kumsifu. Kamusi yangu ilisema neno hilo limetoka kwenye Kilatini, kwenye neno lenye maana ya kujulikana, nami nikaona hiyo inatosha. Sikushuka mistari michache chini, ambako ningesoma kwamba Waingereza huwaita hivyo wezi na walevi. Meneja alinikazia macho, halafu akacheka mpaka akavua miwani aifute. Karani mkuu, mtu wa pwani asiyependa makelele, hakucheka. Tulipobaki wawili aliniambia, "Kijana, umemwambia bwana mkubwa kwamba ubaya wake umevuma. Bahati yako leo ameamka vizuri." Mtu mwingine angejifunza hapo kwamba neno lina namna linavyovaliwa na watu, na kwamba dawa ni kuwasikiliza wanaolivaa. Mimi nilijifunza kinyume. Nilijitungia sheria: kuanzia siku ile nisilitamke mbele ya Mzungu neno lolote ambalo sijalisoma lilikozaliwa na kila njia linayotumika, mstari kwa mstari. Niliona sheria hiyo ni hekima. Ilikuwa woga tu, na mwaka ule ule ilimgharimu mtu mwingine.

Yamenirudia haya tangu tulipomzika mke wangu Elizabeti hapa Mikumi. Katika mazishi yale alitokea mtu akafanya jambo ambalo sikuwa nimeliona likifanywa vile tangu ujana wangu, na nikajikuta nimekaa kwenye kiti cha wafiwa, mzee mwenye fimbo, mwili uko Mikumi na masikio yako Kimamba. Nitamfikia mtu huyo. Kwanza niseme kuhusu chumba.

Chumba changu kilikuwa nyuma ya nyumba ya fundi cherehani, karibu na stesheni, na dirisha lake dogo liliingiza harufu ya makapi ya mkonge kutoka kwenye korona, kile kiwanda cha kukwangua majani mpaka zibaki singa. Ni harufu ya kitu kibichi kinachooza, inashika kwenye nguo na kwenye uji. Nilikuwa na kitanda cha kamba, ndoo, shati moja la kazini na moja la kanisani, na kamusi. Kamusi niliachiwa na mwalimu wa misheni aliyerudi kwao. Ilikuwa kubwa, ya kizamani, na kila neno lilifuatana na habari za asili yake. Lakini haikuwa na jalada wala kurasa za mwanzo. Mchwa walikuwa wameila kutoka mbele, na ukurasa wa kwanza uliosalia ulianzia katikati ya herufi D, kwenye neno despair. Asili yake, kilisema kitabu, ni kushuka kutoka kwenye tumaini. Hivyo ndivyo nilivyoingia katika Kiingereza, kwa mlango huo. Maneno yote ya nyuma ya hapo, ya A na B na C, niliyajua kwa masikio tu, na kwa sheria yangu maneno ya masikio yalikuwa haramu ofisini. Nilizunguka. Badala ya kusema begin nilisema start. Badala ya because nilisema for the reason that. Nilitoka jasho kuzunguka hivyo, na jioni nilijilaza nikirudia mazungumzo ya mchana kichwani, nikitafuta nilipokosea, na sikukosa kupapata.

Chakula nilikula kambini, kwa Maganga. Maganga alikuwa Mnyamwezi, mkata mkonge mkongwe, mikono imejaa makovu ya miiba, na mkewe Nyamizi ndiye aliyenipikia. Mimi ni Msagara, na kati ya Wanyamwezi na watu wa njia yote hii waliyopita na mizigo enzi za misafara kuna utani, kwa hiyo Maganga alikuwa mtani wangu kabla sijamjua jina. Nilipoinama kumsalimu Nyamizi, "Shikamoo mama," naye akaitikia, "Marahaba mwanangu, kaa," Maganga alikuwa ameshaanza.

"Msagara, leo umekula neno gani?"

"Explain," nilisema. "Asili yake ni kusawazisha, kama unavyosawazisha ardhi."

"Basi jembe lile pale. Kasawazishe shamba la mama Nyamizi, ndiyo tutajua umesoma."

"Mwache mtoto wa watu ale," alisema Nyamizi.

"Mtoto wa watu yupi? Huyu ni mali yangu. Babu yangu alimnunua babu yake kwa mfuko wa chumvi, na alipofika naye nyumbani akaona amepunjwa."

"Babu yako alipita hapa amebeba mzigo wa mtu mwingine," nilimjibu, "na wewe mpaka leo hujautua."

Alicheka akakohoa, akanisogezea bakuli la mlenda. Nikitazama nyuma naona kwamba pale tu, kwenye mkeka ule, ndipo nilipozungumza mwaka mzima bila kujichunguza kwanza. Sikuwahi kuuliza neno "punja" lilizaliwa wapi. Nilijua tu kwamba Maganga akinitukana moyo wangu unatulia, na siku asiponitukana nitamwuliza kama anaumwa.

Nyamizi alikuwa amezika watoto wawili katika makaburi ya kambi, ukingoni mwa shamba, na kila Jumapili alipita pale kuyapalilia kabla ya kwenda kisimani. Sikumsikia akiwataja ila mara moja. Nitaisema.

Mwishoni mwa masika mnyapara Yakobo alikufa kwa homa. Alikuwa Msagara mwenzangu, mtu mkali, mwenye mguu mmoja mgumu na koti la kaki alilovaa hata jua likiwa utosini. Meneja alimheshimu, akaja mazikoni mwenyewe, akasimama kando ameshika kofia mkononi. Watani walikuwa wameshachimba kaburi. Kabla maiti haijateremshwa, Maganga akatokea nyuma ya watu amevaa koti la marehemu, ameshika fimbo ya marehemu, anachechemea mguu ule ule. "Yakobo!" alipiga kelele. "Amka bwana, kengele ya reli imegongwa, watu wako kwenye mstari! Mvivu mkubwa wewe!" Akaruka ndani ya kaburi akajinyoosha chali. "Hapa pazuri, nalala mimi. Huyu mtupeni porini. Mnalia nini? Mimi ndiye niliyemuua, nimechoka na kelele zake, nileteeni kuku wake nimle nimalize kazi." Mjane wa Yakobo, aliyekuwa ameshikiliwa na wanawake wawili, aliinua uso, akataka kulia ikatoka kicheko, halafu vyote viwili pamoja, na ndipo nilipomwona amevuta pumzi vizuri kwa mara ya kwanza tangu afiwe. Waliahidi kuku, Maganga akatoka kaburini, akajipangusa vumbi, na ni yeye huyo huyo aliyeshuka tena kumpokea Yakobo kwa mikono miwili, polepole, kama unavyompokea mtoto aliyelala.

Meneja alikuwa amemwuliza karani mkuu, "Anasema nini?" Na karani mkuu, ambaye siku zote alijibu alichoulizwa na si zaidi, akasema: anasema ndiye aliyemuua, bwana, na kwamba marehemu atupwe porini.

Hakuna aliyeamini kwamba Maganga ameua mtu. Meneja mwenyewe hakuamini. Lakini miezi ile kulikuwa na minong'ono ya watu kugoma katika mashamba, na nilimsikia kupitia ukuta wa mbao akimwambia msaidizi wake kwamba mtu anayeweza kumdhihaki mnyapara wake aliyekufa, mbele ya vibarua wote, kesho atamdhihaki meneja aliye hai. Maganga akasimamishwa kazi. Shauri lake litasikilizwa meneja akirudi kutoka kuwinda nyati kule Mikumi, na asipopata maelezo ya kumridhisha, Maganga atapandishwa treni na mkewe warudishwe kwao. Wakamwuliza anataka nani amkalimanie. Alisema, "Namtaka Msagara wangu huyu. Mtani ndiye anayemsemea mtu."

Nilifurahi kwa kama pumzi moja. Kisha nikaikumbuka sheria yangu. Neno la Kiingereza la utani ni lipi? Nilikaa na kamusi nikaanza kuchimba. Joke: Kilatini, mchezo. Jepesi mno, nani anacheza kaburini? Jest: hapo nilisisimka, maana zamani lilikuwa masimulizi ya matendo ya mashujaa, lakini kitabu kikasema sasa ni mzaha tu. Insult, yaani tusi: kumrukia mtu. Hilo lingemfunga. Tease, kumchokoza mtu kwa maneno: nilisoma mara mbili nisiamini, kwamba zamani lilikuwa kuchambua sufu, kuzivuta nyuzi zilizosokotana mpaka zikawa laini. Nikatoka nje. Ng'ambo ya reli niliwaona wanawake kwenye kamba za kuanikia, wakizikung'uta singa nyeupe na kuzitenganisha kwa vidole, na nikasema hilo ndilo, Mungu amenionyesha, Maganga alikuwa anazichambua singa za moyo wa yule mjane. Usiku ulipoingia nilikuwa sina hakika tena. Na mock, kumdhihaki mtu: kitabu kilisema asili yake haijulikani vizuri. Neno lisilo na wazazi. Nilipasoma pale nikakifunga kitabu.

Nyamizi alinipakulia ugali nikashindwa kula. Maganga alijaribu kunitania, akaacha. Ndipo yule mama aliposema, akiwa ametupa mgongo, anakoroga kitu kwenye chungu ambacho hakikuhitaji kukorogwa: "Mwanangu, kwetu Unyamwezi nitafika. Miguu ninayo. Lakini wakinitoa hapa, wale wawili nitamwachia nani?"

Nikaazima baiskeli nikaenda Kilosa kwa Mwalimu Tomasi, aliyenifundisha kusoma. Nilimkuta uani anamenya mihogo.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Mbona umekonda, Danieli? Siku hizi mkonge ndio unaokula watu?"

Nilimweleza yote. Alimenya mhogo mzima, akautia kwenye maji. "Utani Wazungu hawana," alisema mwisho. "Usitafute neno lake. Sema it is our custom. Ni desturi yetu. Kisha ufunge mdomo."

"Custom," nilisema. "Asili yake ni nini, mwalimu?"

"Asili ya nini tena?"

"Ya neno. Kamusi yangu inaanzia D."

"Nitajuaje? Nimelisikia kwa kasisi miaka yote. Kila akiwaambia Wazungu wenzake kitu fulani ni custom ya watu, wananyamaza kidogo. Asili yake ni hiyo."

"Lakini bomani nimewasikia wakisema native custom, mwalimu, na wanavyolitoa ni kama mtu aliyeokota tambara bovu kwa vidole viwili. Nikimsemea Maganga neno hilo, si nitakuwa nimemshusha?"

Aliweka kisu chini. "Wewe unamtetea mtu au unafanya mtihani?"

Nikainuka nikaaga. Nilirudi Kimamba nikisukuma baiskeli kwenye mchanga, neno custom likizunguka kinywani kama kokwa la tunda. Lilikuwa zuri. Nilihisi ni zuri. Lakini nilikuwa nimelipata kwa masikio tu, na mara ya mwisho nilipolitegemea neno nililolijua nusu, ofisi nzima ilisikia.

Siku ya shauri meneja alirudi ameungua pua kwa jua la Mikumi, na hakuwa mkali. Nalisema hili kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa ndilo linaloniuma kuliko yote. Alikaa, akamwonyesha Maganga kiti, Maganga akakataa kukaa. Akaniambia kwa Kiingereza cha taratibu, kama mtu anayetaka kuelewa, "Nieleze tu ile ilikuwa nini."

"It was a joke, sir," nikasema.

"Mzaha? Mazikoni?"

"No, sir. Not joke. Jest. In the old meaning." Niliona uso wake umebadilika kidogo nikaharakisha. "Not jest, sir. Tease. As one does to sisal."

"To sisal?"

Nilianza kumweleza habari za sufu na nyuzi. Niliisikia sauti yangu ikipanda, niliyasikia makosa yangu, nikarudi nyuma kuyasahihisha, na kila nilichosahihisha kiliangusha kingine. Leo naona jinsi nilivyoonekana: kijana anayebadilisha habari kila anapotazamwa usoni. Anayesema kweli habadilishi. Meneja aliinua mkono. Akauliza swali moja, swali jepesi, la kujibiwa ndiyo au hapana: "Was he mocking the dead man?"

Na hilo ndilo neno lisilo na wazazi. Nikisema ndiyo, nimemwua Maganga. Nikisema hapana, je, si kweli kwamba alimwigiza, alimwita mvivu, alivaa koti lake? Sikuujua mpaka wa neno lile ulipo, na sheria yangu ilisema usivuke usipopajua. Custom ilikuwa pale pale, nyuma ya meno. Niliuhisi mdomo ukifunguka kulitoa. Nikanyamaza.

"Anauliza nini?" alisema Maganga. Alinitazama, wala si kwa hasira. "Msagara. Mwambie tu. Sema lolote."

Meneja alisubiri kwa heshima kuliko nilivyostahili. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "I see," akamwita karani mkuu aandike habari za treni.

Waliondoka asubuhi ya siku ya tatu. Nilikwenda stesheni nimevaa shati la kanisani, nikasimama mbali kama mgonjwa wa ukoma, mpaka Maganga mwenyewe akaniita mbele za watu: "We Msagara! Umejificha nini? Njoo ubebe mzigo, leo ni zamu ya babu yako!" Nikabeba sanduku lao. Nyamizi alinishika mkono, akanitilia kiganjani mbegu za mlenda za kupanda. Nikajua zinapandwa wapi: kwenye makaburi ya wale wawili. Maganga alipokwisha kukaa dirishani alinyoosha kidole. "Ukifiwa uniite, nije nilale kaburini mwa marehemu wako nikudai kuku. Ukinisemea kwa Kiingereza, siji." Watu wakacheka. Mimi pia, na ikatoka vile ilivyomtoka mjane wa Yakobo. Treni ikachukua njia ya Kilosa na Kidete kwenda zake bara, na sikupata habari zao tena. Makaburi yale nilikuwa nikiyapalilia mpaka nilipoacha kazi ya shamba, na baada ya hapo nilikuwa nikirudi kutoka Mikumi kila nilipoweza, mpaka shamba lilipofungwa na vichaka vikafunika alama.

Huku Mikumi nilikuja kufundisha watoto kusoma, nikaoa, nikazeeka. Miaka mingi baadaye niliona kamusi nzima kwa mtu, nikafungua herufi C nimesimama. Custom limetokana na kuzoea pamoja, na ndani yake, mbali kabisa, mna neno la kitu kilicho chako mwenyewe. Lingefaa kabisa. Lingefaa hata kama asili yake ingekuwa matope.

Sasa mazishi ya mke wangu. Watu walikuwa wamejaa, kwaya imemaliza, na kulikuwa na ukimya ule mzito ambao vijana wa siku hizi huudhani ndiyo heshima. Akatokea fundi wa magari wa hapa barabarani, Mnyamwezi ambaye huwa tunasalimiana tu, amejifunga kanga ya Elizabeti kiunoni, ameshika mwiko. "Nani kamruhusu huyu bibi apumzike?" alisema. "Mlenda wake haukuwahi kuvutika, na leo mnamwimbia!" Akarukia kaburini akalala chali. Wajukuu waliduwaa. Mmoja alitaka kumvuta atoke. Kando yangu alikuwa amekaa mama Mwingereza anayefanya kazi na mjukuu wangu Neema, na nilimwona amefunika mdomo kwa mkono, hofu machoni. Akaniinamia akauliza kwa Kiingereza yule mtu ana nini, na je, watu wamwondoe?

"It is our custom," nilimwambia.

Alinyamaza kidogo. Kisha akateremsha mkono.

"Fundi," nikasema kwa sauti ya kufika chini, "kuku wako yupo. Toka umpokee mke wangu." Akatoka akijipangusa vumbi, kisha akarudi kushuka, akainua mikono miwili.

Nilikuwa naogopa kusema neno kabla sijalijua lote, na sasa siogopi tena. Hicho ndicho kilichobadilika.